Nilikwenda Unguja Kununua Bao

Ndugu msomaji, katika ukuta wa sebule yangu palitundikwa mabao sita ya kuchongwa kwa mkono. Manne yalikuwa ya mweso, niliyoyakusanya katika safari zangu za kikazi hapa Uganda. La tano lilikuwa la igisoro kutoka Rwanda, na la sita ulikuwa ubao wa sataranji niliopewa zawadi na rafiki. Wageni walipoingia waliyatazama, wakayasifu, kisha wakaketi kunywa chai. Kwa muda wa miaka minane hapana hata mmoja aliyeomba bao literemshwe tucheze, wala mimi mwenyewe sikuona ajabu katika jambo hilo.

Mwaka huu, nilipopata likizo, nilikata shauri kwenda Unguja. Nia yangu ilikuwa moja tu: kununua bao la Kiswahili, lile wanalolicheza watu wa pwani barazani, niliongeze ukutani liwe la saba.

MASHIMO 32, KETE 64

Wasomaji wengi wa gazeti hili, hasa waliokaa kambini au katika kota za polisi, hawana haja ya kuelezwa mweso ni kitu gani. Askari aliyetoka zamu huchimba vishimo ardhini chini ya mwembe, akaokota kokoto, na mchezo ukaanza. Lakini kwa faida ya vijana wetu nitaeleza kidogo. Bao la mweso lina mistari minne, na kila mstari una mashimo manane, jumla 32. Kila mchezaji humiliki mistari miwili iliyo upande wake na huanza na kete 32, hivyo kete zote ni 64. Katika Buganda kete hizo ni mbegu ngumu ziitwazo empiki. Igisoro cha Rwanda nacho kina mashimo 32 na kete 64, na huko Malawi kuna mchezo wa jamii hiyohiyo uitwao bawo. Hata sataranji, ambayo asili yake ni bara Hindi, ubao wake una miraba 64. Ni sataranji hiyo iliyompeleka Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, hadi katika mashindano ya dunia ya timu yaliyofanyika Urusi mwaka 2010, na habari zake zikatolewa katika filamu mwaka 2016. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba mchezo wa ubaoni ni kazi ya wavivu.

Bao zuri la mkono huchongwa katika kipande kimoja cha mti, bila gundi wala msumari. Mti wenyewe hauna budi kuwa mgumu. Kete hudondoshwa shimoni maelfu kwa maelfu ya mara, na mti laini kama musizi, ambao wafaa zaidi kwa masanduku, hupasuka kingo zake upesi. Mvule ni mgumu, haushambuliwi ovyo na mchwa, na rangi yake huzidi kukolea kadiri unavyoshikwa. Basi hayo ndiyo niliyokuwa nikiyajua, na nilijiona mjuzi.

NJIANI

Niliondoka Kampala alfajiri kwa basi. Tulivuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, na baada ya kiasi cha kilometa 130 tukafika Masaka. Hapo nilikumbuka bao langu la kwanza, kwa maana nililipata katika kijiji kisicho mbali na mji huo. Mwenye bao alikuwa amefariki miezi michache kabla ya siku hiyo. Bao lake lilikuwa limeachwa chini ya ukumbi wa nyumba. Mwanawe alikuwa na shida ya fedha, tukapatana bei, nami nikalipakia garini. Nakumbuka pia wazee wawili waliokuwa wameketi kwenye benchi ukumbini. Walinitazama nikilibeba wala hawakusema neno. Wakati ule nilidhani hawana la kusema.

Kutoka Masaka tulishuka hadi Mutukula mpakani. Wanajeshi wa zamani wanaufahamu vema mji huu kwa sababu ya vita vya mwaka 1978 na 1979. Leo malori hupanga foleni kwa amani, na maofisa wa Uganda na wa Tanzania hufanya kazi katika kituo kimoja cha pamoja. Niligongewa muhuri, nikaendelea hadi Bukoba, nikalala huko kando ya Ziwa Viktoria. Kesho yake nilipanda basi la kupitia Biharamulo, Kahama, Nzega na Singida hadi Dodoma. Ni safari ndefu, na vumbi lake silisahau. Kutoka Dodoma nilipanda treni ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya mji huo na Dar es Salaam mwaka 2024, na baada ya saa chache nikawa pwani. Asubuhi yake boti ilinivusha hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi.

MADUKANI

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mtu akiutembelea haulizi sababu. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba zake ni za mawe na chokaa, na milango yake ya kuchongwa humsimamisha mpita njia. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza ya mawe ambayo watu hukalia kuzungumza. Mahali paitwapo Jaws Corner wanaume hukusanyika kunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, huku wakicheza dhumna na bao na kujadili habari za dunia.

Nilianzia madukani. Huko niliona mabao mengi, na mengi katika hayo yalinisikitisha. Yapo yenye mistari miwili tu ya mashimo sita sita, yaliyokatwa katikati na kuungwa kwa bawaba ili yakunjike kama kitabu na kuingia katika mkoba wa mtalii. Kwenye bao la namna hiyo mtu wa pwani hawezi kucheza mchezo wake. Mengine yalikuwa na mashimo 32, lakini yenye kina kifupi mno, kiasi kwamba kete kumi zikiingia zingemwagika. Niliona pia ubao wa sataranji uliopendeza sana, pamoja na vinyago vyake, na mwenye duka akaniambia vile vyeusi ni vya mpingo.

Hapa, ndugu msomaji, napenda kukupa maarifa machache. Mpingo ni mti mzito hata huzama majini. Kama kinyago cheusi ni chepesi mkononi kama kipande cha msonobari, basi huenda weusi wake ni wa dawa ya viatu. Askari anayeng'arisha buti kila asubuhi hapaswi kudanganywa kwa dawa ya viatu! Kigeuze, ukitazame chini mahali ambapo rangi haikufika vizuri. Kwa ubao wa sataranji, tazama kama miraba imekatwa vipande vipande vya miti miwili na kuunganishwa, au imepakwa rangi tu. Uweke mezani uone kama hauchezi, kwa maana mti uliochongwa kabla ya kukauka hupinda baadaye. Na ukiona vitundu vidogo kama vya sindano vinavyotoa unga, uache: bungua wamo ndani, nawe utawapeleka kwenye viti vyako vya nyumbani.

BAO LENYE WENYEWE

Siku ya pili, jioni, nilitembea hadi Ng'ambo, upande wa pili wa mji, wanakoishi watu wengi zaidi na watalii wachache. Kwenye baraza moja niliwakuta wanaume saba au wanane wamezunguka bao. Nilisimama nyuma yao, na macho yangu yakalitazama bao badala ya mchezo.

Lilikuwa bao la zamani la mvule, jeusi kwa mikono ya watu. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana shimo moja la mraba katika mstari wake wa mbele, liitwalo nyumba. Katika bao lile pembe za nyumba zilikuwa zimelika hata karibu kuwa duara. Ncha moja ilikuwa imepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Kete zake zilikuwa komwe, mbegu za kijivu za mkomwe uotao pwani, laini kama zilizopakwa mafuta. Nilijua mara moja kwamba sijapata kuona bao zuri kuliko lile.

Mchezo ulipokwisha nilimsogelea mzee aliyekuwa ameshinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Watoka wapi?"

"Natoka Uganda, mzee."

"Uganda! Na Kiswahili hiki umekipata wapi?"

Nilimweleza kwamba baba yangu alikuwa askari polisi, nami nilikulia katika kota za polisi ambako watoto wa makabila yote tulizungumza Kiswahili. Alifurahi, akaagiza niletewe kahawa. Nikaona wakati umefika.

"Mzee, nimelipenda sana bao hili. Kama mwaweza kuliuza, nitatoa bei nzuri."

Watu walinyamaza. Mzee hakukasirika, alicheka kidogo, akaweka kiganja chake juu ya bao.

"Mwanangu, tukikuuzia hili, sisi jioni tutakwenda wapi?"

Nikamwambia kwamba kwa fedha hizo wangeweza kununua mabao mawili mapya. Akatikisa kichwa.

"Bao hili lina wenyewe, na baadhi yao wamekwisha kufa. Nitamwuliza nani ruhusa?" Kisha akasogea pembeni kunipa nafasi. "Ukitaka kucheza, kaa. Hilo halina bei."

Nilikaa. Niliona aibu kukataa, na kwa kweli nilijiamini, maana mweso naujua. Kumbe nilikuwa naingia mtegoni. Katika mweso, ili mwenzako ale kete zako, ni lazima mashimo yako yote mawili yanayofuatana, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Ukiacha moja tupu, umejilinda. Lakini katika bao la Kiswahili mchezaji huliwa zilizo katika shimo la mbele, hata kama la nyuma ni tupu. Tena mchezo hauanzi kete zote zikiwa ubaoni. Kila mmoja huweka kete 10 tu, sita katika nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizosalia hubaki mkononi, akiingiza moja moja kila zamu yake ifikapo. Huko ndiko kunamua. Mtu akifungwa kabla kete za mkononi hazijaisha, husemwa amefungwa mkononi, na si jambo la kujivunia.

Mimi nilifungwa mkononi. Kete zangu za nyuma zilikuwapo tele, lakini mstari wa mbele ulibaki mtupu kama barabara wakati wa amri ya kutotoka nje. Vijana waliokuwa wamesimama walishangilia, na mmoja akanieleza kosa langu hatua kwa hatua, akizirudisha kete kwenye mashimo yake kwa kumbukumbu yake tu. Nilisomea ualimu, lakini jioni ile nilikuwa mwanafunzi. Tulicheza hadi adhana ya magharibi ikaita, watu wakainuka kwenda msikitini. Kijana mmoja alilichukua bao na kuliingiza katika nyumba ya jirani. Nikauliza kama ile ndiyo nyumba ya mwenye bao. Akanijibu kwamba pale hulala tu.

SWALI LA FUNDI

Yule mzee alinielekeza kwa fundi mmoja, nje kidogo ya mji, nikaenda kesho yake. Nilimkuta chini ya banda la makuti, amezungukwa na vumbi la mbao. Nilipomweleza haja yangu aliniuliza swali moja: "Ni la kutundika au la kucheza?"

Nikamwuliza tofauti yake ni nini. Akasema la kutundika angelipunguza unene liwe jepesi, mashimo yawe na kina kifupi, na kingo zote azitie nakshi. La kucheza lingekuwa zito ili lisisogee watu wanapocheza kwa nguvu, mashimo yawe na kina, na ndani yake pasiwe na nakshi yoyote ya kukwaruza vidole. Nilikawia kujibu. Nilikuwa nimesafiri siku nyingi kwa ajili ya lile la kutundika, nami nikaona haya kulitaja. Nikasema, "La kucheza."

Kazi ilichukua siku tatu, nami nilikwenda kila siku kuitazama. Alichagua kipande cha mvule kilichokauka. Alikisawazisha kwa tezo, kisha kwa randa. Akapiga mistari kwa rula na kalamu ya risasi, akatia alama ya kati ya kila shimo, ndipo akashika patasi yenye ncha ya mviringo na nyundo ya mti. Hakuchimba shimo moja hadi mwisho. Alianza yote 32 kidogo kidogo, akarudi tena la kwanza, ili yote yashuke pamoja. Kila mara aliweka kete chache shimoni na kuzichota kwa vidole. Kama kete moja ilibaki nyuma, shimo lile halijawa sawa, akalilainisha mteremko wake. Nyumba mbili za mraba alizichonga mwisho, kubwa kuliko mashimo mengine, kwa sababu humo ndimo kete nyingi hukusanyika. Baada ya msasa alipaka mafuta kwa kitambaa, akaliegemeza kivulini, si juani.

Aliponikabidhi, alidondosha kete moja katika shimo, akaniambia nisikilize. Ililia mlio mzito, mfupi. Akasema bao lililopasuka kwa ndani husikika kabla ya kuonekana. Nililipa, nikachukua stakabadhi kwa ajili ya forodha, nikarudi kuwaaga wale wa barazani. Walilikagua bao langu, wakapitisha vidole katika mashimo, na yule mzee akasema, "Zuri. Sasa lichakazeni."

KURUDI

Nilipofika nyumbani sikupigilia msumari. Bao la Unguja niliweka juu ya mkeka ukumbini, nikatia empiki 64 nilizokuwa nazo, na nikamfundisha binti yangu mkubwa kunamua. Baada ya juma moja sajini jirani yetu alikuwa akija kila jioni aliyokuwa hana zamu.

Ndipo nikateremsha yale ya ukutani. Moja la mweso lilikuwa limepinda, kwa kuwa jua la dirishani lililiangukia upande mmoja kila alasiri kwa miaka yote hiyo, nami sikuligundua kwa sababu sikupata kulishika. Kwa hiyo nawaasa wenye mabao majumbani: yafuteni kwa kitambaa kikavu, yapakeni mafuta kidogo yakianza kupauka, msiyaloweke wala msiyaweke juani, na zaidi ya yote yachezeni. Kasoro ya bao hugunduliwa na mkono.

Bao la Masaka nilikaa nalo mapajani kwa muda mrefu. Mashimo yake yalikuwa yamelika kama yale ya Ng'ambo. Lilikuwa na wenyewe, nao walikuwa wameketi kwenye benchi mbele yangu siku ile, wala sikuwauliza.

Jumamosi iliyofuata nililifunga katika gunia nikapanda basi. Mwana wa marehemu alinitambua kwa shida, na mwanzo alidhani nimekuja kudai fedha zangu. Nilipomweleza kwamba sidai kitu, alimwita mama yake. Mmoja wa wale wazee wawili alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wa pili aliitwa, akaja akijikongoja kwa fimbo. Hakuniuliza habari za safari wala sababu za kurudi kwangu. Alipitisha kidole katika mashimo, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni, kisha akauliza empiki ziko wapi.

Mimi sikuwa nimezichukua. Siku ile nilitaka mti tu. Mjane aliingia ndani, akakawia, akatoka na kibati kilichokuwa kimekaa juu ya kabati kwa miaka minane. Tulizihesabu zikawa 61. Tatu zilizopungua tulijazia kokoto tulizookota pale uani, mzee akavuta kiti, akaniashiria nikae upande wa pili. Nilifungwa mara mbili kabla jua halijatua, na basi la mwisho likaniacha.